Nimefunga Bledi ya Theluji, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Naamini barua hii itakukuta salama hapo Usagara, na goti lililokusumbua wakati wa mvua limepoa. Mama aliniambia umekataa kwenda kupimwa. Nakuomba uende, Baba, hata kama ni kwa ajili yangu tu. Mimi mwili wangu ni mzima, ila situlii. Nimeanza barua hii mara tatu tangu asubuhi. Nikiandika mistari miwili nainuka kwenda dirishani, nikitoka hapo nazunguka jikoni bila shughuli, halafu narudi. Nikipiga simu Mama huweka spika, nyumba nzima ikasikia. Jambo hili ni lako wewe kwanza, ndiyo maana nimeliandika na kulipitishia sanduku la posta la usharika.

Unajua kwamba huku Kanada nawatunza wazee wawili, Bwana Walter na mkewe Bibi Doris, nje kabisa ya mji. Bibi anapumua kwa msaada wa oksijeni, na gari huleta mitungi kila Alhamisi. Mwezi wa kumi Bwana Walter aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga, na tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kutoka barabara kubwa hadi mlangoni kuna njia ya kokoto, urefu wake kama kutoka kwetu hadi kanisani. Miaka yote theluji ya njia hiyo alikuwa akiiondoa mwenyewe kwa trekta dogo la bustani, lile lile analokatia majani wakati wa joto.

Theluji nzito ya kwanza ilianguka siku mbili bila kupumzika. Alhamisi dereva wa mitungi akafika barabarani, akapiga simu kusema haingii. Nilimfuata kwa miguu, theluji ikinifika magotini, nikaukokota mtungi mmoja ndani ya beseni la kufulia. Mingine sikuiweza, na yeye hakutaka kuiacha kando ya barabara. Alisema atarudi Jumamosi, njia ikiwa wazi. Mtungi niliouleta ungemtosha Bibi hadi Jumamosi jioni, si zaidi. Bwana Walter aliwapigia watu wote wanaosafisha njia kwa kukodiwa, na wote wakajibu labda Jumatatu.

Nikamwambia nitafunga bledi mwenyewe. Bledi ni bamba refu la chuma lililopinda, mfano wa lile la tingatinga ila dogo, linalofungwa mbele ya trekta kusukuma theluji. Yeye akatikisa kichwa.

"Hiyo si kazi yako," aliniambia. "Wewe umekuja kututunza sisi."

Baba, maneno ya namna hiyo nilishawahi kuyasikia. Nilikuwa darasa la sita, nikikuletea chakula cha mchana kwenye karakana ya shamba la mkonge. Nilikuomba unifundishe spana, ukasema karakana si mahali pa msichana, ukamchukua Elia, mtoto wa shangazi. Hukujua kwamba nikishakukabidhi chakula sikuwa narudi nyumbani. Nilikuwa nasimama nje ya dirisha nikisikiliza unavyomfundisha. Yeye alikuwa anapiga miayo. Mimi nilikuwa nameza kila neno.

Basi Ijumaa asubuhi, nilipokwisha kuwaogesha wazee na kuwapa uji, nikaenda bandani. Nililitoa sinia la visu vya kukatia majani lililo chini ya trekta, nikalala chini ya trekta, nikaipachika fremu inayobeba bledi. Pini zake mbili zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilizimwagia oili nikazisubiri, kisha nikazigonga kwa nyundo huku nimeweka kipande cha ubao kati, ili vichwa vyake visiharibike, kama ulivyokuwa ukisema. Nikaitundika bledi, nikaiunganisha na wenzo wa kuinulia, nikavalisha matairi ya nyuma minyororo na kufunga magunia mawili ya mchanga nyuma ya kiti ili matairi yakamate ardhi. Vidole vilikufa ganzi hata nikawa siijui nati niliyoishika.

Trekta lilikwenda vizuri mwanzoni. Nilikuwa nimefika kama robo ya njia bledi ilipogonga jiwe lililoganda ardhini, na bolti moja ikakatika. Najua ile bolti ni laini kwa makusudi. Nilikusikia ukimwambia Elia mara ngapi kwamba ipo bolti inayowekwa ili ivunjike yenyewe na mashine ipone. Lakini kwenye kopo la bandani hazikuwamo laini, zilikuwamo ngumu tu, na mimi nilikuwa na haraka, nikaweka ngumu nikijua kabisa ninachokifanya. Jiwe la pili bolti haikukatika. Kilichopinda ni kipande cha fremu kinachoishika, na bledi ikalala upande mmoja kama mkono ulioteguka. Nilizima injini nikalia palepale kwenye kiti, kwa hasira juu yangu mwenyewe. Sikulia hivyo hata siku niliyopanda ndege.

Bwana Walter alikuwa ameona yote dirishani. Aliniamuru nimfunge mablanketi na kumsukuma hadi mlango wa banda, kisha nilirudishe trekta hapo. Nilijua atanigombeza. Aliitazama bledi akaniuliza viatu vyake viko wapi. Sikumwelewa. Kumbe kuna vipande viwili vya chuma vinavyofungwa chini ya bledi, viteleze juu ya kokoto na kuiinua kama upana wa kidole isichimbe. Nilikuwa nimeviona kwenye rafu nikadhani ni vyuma chakavu.

"Huyo aliyekufundisha," aliniuliza, "yeye hakuwa na theluji?"

Nilimwambia baba yangu ni fundi wa mashine za mkonge na theluji hajawahi kuiona. Alicheka hadi nyonga ikamuuma. Tangu hapo hakusema tena si kazi yangu. Alikaa pale kwenye baridi akinipa spana moja baada ya nyingine, nami nikaunyoosha ule mpindo kwa jeki na bomba refu, kisha nikavifunga vile viatu chini ya bledi. Halafu akampigia simu Raymond, mwenye karakana ya matrekta madogo mjini, akaagiza bolti laini.

Jumamosi asubuhi Raymond aliacha gari barabarani akaja kwa miguu na bolti mfukoni. Alinikuta nimelala chali napaka grisi maungio. Aliikagua kazi yote, akamuuliza mzee nani amefunga. Bwana Walter akaninyooshea kidole. Adhuhuri ilipofika njia ilikuwa wazi, na saa nane mitungi ikaingia. Bibi Doris hakuwa ameambiwa lolote. Alinilaumu tu kwamba nanuka oili.

Sasa ni miezi miwili naisafisha njia hiyo. Kila nikimaliza nafuta theluji yote kwenye bledi, nakaza nati, natia grisi, na kuusugua uso wake kwa mshumaa ili theluji isigande. Ukingo wa chini umelika, wiki iliyopita niliugeuza upande wa pili. Nafanya haya na moyo hautulii, kwa sababu ya nitakayokueleza hapa.

Mwezi wa nne wazee wanahamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mkataba wangu unaisha. Raymond alirudi mwezi wa kwanza akanitaka nikajifunze kazi kwake miaka miwili, na vibali atanisaidia kuvifuatilia. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kueleza. Ni alipokwisha kuondoka ndipo nilipomkumbuka Baba Mdogo, aliyeniombea nafasi ya kazi kwenye zahanati huko nyumbani mkataba ukiisha, na wewe uliyemshukuru mbele ya wazee wa kanisa na kumwahidi kwamba nitarudi. Nimekuvunjia neno lako, Baba. Kwa hilo naomba unisamehe. Kwa kuitaka kazi yenyewe siwezi kuomba msamaha, maana nimeitaka tangu darasa la sita.

Sitakudanganya kwamba nasubiri ruhusa. Nasubiri baraka, na hizo huwezi kulazimishwa kuzitoa. Ukinijibu, shika kalamu mwenyewe, usimwachie Mama akanilainishia. Hata ikiwa ni hapana, nataka niisome kwa mwandiko wako.

Mpe Mama mkono wangu, na umwambie koti alilokuwa na wasiwasi nalo linatosha. Msalimie Baba Mdogo kwa heshima zote. Nitamwandikia mwenyewe, usibebe aibu hiyo peke yako. Shangazi wa Makorora nimemkumbuka, na mwanawe Elia huko Moa na bodaboda yake, asisahau kulainisha mnyororo. Mchungaji naye mwombe aniweke katika sala.

Mungu akulinde wewe na goti lako.

Ni mimi binti yako,
Naomi, mwanafunzi wako wa dirishani