Kifo cha Shemeji Masolwa

Mtendeni, Tabora
14 Juni

Mdogo wangu Benjamini,

Marahaba. Shikamoo yako niliisoma kwenye simu. Natumaini mgongo umetulia baada ya safari ile ya basi, na mkeo Jenifa hajambo. Sisi huku wazima, ila baridi ya asubuhi imeanza.

Umeniandikia kwamba vijana wameiharibu kazi yetu ya habari. Ngoja nikueleze, maana tangu nianze kuwasaidia pale redioni najiona kama nimeajiriwa upya. Zamani niliandika bei ya tumbaku ya Goweko, nikaipeleka stesheni, na gazeti likarudi siku ya nne. Leo Shamila, binti wa Nurdini fundi cherehani, anapigiwa simu kutoka sokoni, na mkulima hajafunga hata robota lake, bei imeshawafikia wasikilizaji wote wa kundi letu la simu. Vijana hawangoji taarifa ya saa mbili. Wanauliza, wanabisha, wanadai picha. Siku ya kwanza nilishindwa kukaa. Shamila akanicheka kwamba babu anazunguka kama baba aliye nje ya wodi ya wazazi.

Ana sharti moja: kifo hakitangazwi mpaka ndugu wawili wa marehemu waulizwe.

Jumanne ile alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Festo, yule Mgogo mwashi wa Kigwa, akapiga kusema shemeji yetu Masolwa amekufa, tuchimbe kaburi. Mgogo ni mtani wetu tangu enzi za misafara, na msibani mtani ndiye mwenye kazi, kwa hiyo habari ikaaminika, ikatangazwa kundini. Kumbe alikuwa amenyimwa kuku kwa Masolwa, akaamua kumzika kwa utani. Masolwa alipiga jioni, simu yake ilipotoka kuchajiwa, akauliza kama msibani kwake kuna ubwabwa au ugali tu. Wewe ulikuwa umeshapita Itigi, unalia ndani ya basi.

Mwenye redio akamsimamisha Shamila, kwa kuwa tangazo lilitoka kwenye simu yake.

Benjamini, aliyeliandika ni mimi. Simu ilikuwa mezani. Niliogopa kundi jingine litatutangulia, na kwa miaka arobaini sikuwahi kuwa wa kwanza. Kisha nikanyamaza siku nne nzima, watu wakiwatukana vijana, na wewe ukiwa mmojawapo. Shamila alijua, hakunitaja.

Leo nilimweleza mwenye redio. Akataka yaishie ofisini, tulinde heshima ya mzee. Nikakataa. Nimesema kwa sauti yangu katika kundi lile lile, sekunde arobaini, nikianza na jina langu. Majibu yalimiminika nikiwa bado nimeshika simu, mengi ya kunicheka, na Festo akadai sasa maiti ni mimi. Shamila anarudi kazini kesho. Mimi nimesimamishwa wiki mbili, na tayari nazihesabu siku.

Sauti ile itakuwa imekufikia zamani. Lakini wewe ulilia kwa sababu yangu, nikaona unastahili karatasi na mwandiko wangu. Nisamehe.

Msalimie Jenifa na watoto wote. Masolwa anakusalimu, anakula vizuri.

Kaka yako,
Tobias