Figo Yako na Kidonda cha Nyuma ya Sikio

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu za Bi Harusi, kama ulivyozoea kuniita. U hali gani? Ule mshono wa ubavuni bado unakuwasha baridi ikizidi? Na mapacha, wameshaota meno? Sisi hatujambo, na mimi, wifi, nina furaha mpaka naona haya. Miezi minne ya ndoa, na bado nikisikia buti za mume wangu Msumari kwenye ngazi moyo unanienda mbio kama wa msichana wa shule.

Lakini lipo jambo, nami nitakueleza bila kulipamba.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa namnyoa, nikaona kidonda nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya mchele. Akasema, "Bati limenikwaruza, mpenzi." Unamjua mdogo wako, kwake kila kitu ni bati. Wiki tatu hakikupona, nikamburuta hospitali. Wakakikata, wakakipima: saratani ya ngozi. Wameitoa yote, haikuwa imesambaa.

Daktari alieleza kwamba dawa zinazouzuia mwili wake kuikataa figo uliyompa huulegeza pia ulinzi wa mwili. Mtu akizimeza miaka mingi, na huu kwake ni wa tisa, saratani hupata upenyo, hasa ya ngozi, na hasa kwa anayeshinda juani juu ya mapaa. Tangu mwanzo aliambiwa avae kofia pana. Aliivaa wiki moja, mafundi wenzake wakamwita Bibi Shamba, akaivua.

Sasa sikia alichofanya. Akaanza kuruka dozi ya jioni kimyakimya, akidhani dawa zikipungua na saratani itapungua. Nilivikuta vidonge kwenye mfuko wake wa kazi, vimechanganyika na misumari. Daktari alipoona majibu ya damu akamwuliza, "Fundi, paa likivuja unang'oa nguzo?" Figo imeanza kusumbuka. Bado inaweza kuokoka, na dawa moja wamembadilishia, ila asiruke tena hata dozi moja.

Siku hizi anavaa kofia na mikono mirefu. Kila Ijumaa namkagua kwa tochi, utosini mpaka nyayoni. Daktari alisema mara moja kwa mwezi inatosha. Mimi nimeona haitoshi, wifi, na usinicheke.

Anaona aibu kukupigia simu. Anasema ulipasuliwa kwa ajili yake, naye akaichezea figo yako. Basi mpigie wewe, kila siku saa moja jioni. Usimgombeze. Mwulize tu kama amemeza. Mimi nikimwambia ameze, ananibusu na kusema baadaye. Wewe ukimwuliza, atameza.

Nisalimie shemeji na mapacha. Mama mkwe anakusalimu, naye bado hajui lolote. Mungu akulinde wewe na hiyo moja uliyobaki nayo.

Mke wa mdogo wako, akupendaye sana,
Bi Harusi