Mafungu Sita na Korosho Nne

Jumapili, 24 Februari 1957

Mdogo wangu Petro hakula. Vijiko viwili vya uji, cha tatu kikamwagikia kidevuni. Miguu imevimba mpaka magotini, ukibonyeza shimo linabaki. Hospitali walikwisha sema, na walisema kwa upole: mpeleke nyumbani, Mama, mkae naye.

Nyumbani! Kwake ni Mkunya, kule juu mlimani Newala, alikozikwa mama yetu. Hapa Masasi ni kwangu tu. Kanishika mkono: asilale ugenini. Nikamwambia anyamaze, ale. Kisha nikaenda nyuma ya banda la kuku. Mbele yake silii.

Apande na nini? Lori analoendesha mwanangu Yeremia liko Lindi kwa tajiri wake mpaka mvua zikatike. Machela ni siku mbili — kifua kile hakifiki. Limebaki boksibodi la Petro mwenyewe, gari lenye sanduku nyuma, la kabla ya vita. Injini yake ilikufa mwaka juzi, kuku wangu wanataga kwenye kiti cha dereva.

Cuthbert, mwanawe, amekuja leo kutoka Nachingwea na injini nyingine ya dizeli, kutoka mashine zile za mradi wa karanga wa Waingereza zilizoachwa. Kasema: Shangazi, siku kumi. Nikamwambia baba yako hana kumi, fanya tano.

Na Yeremia nimemkanya. Kwetu mali ya mjomba ni ya mpwa, hakuna asiyejua. Petro akifumba macho, gari ni la Yeremia, Cuthbert aliyemzaa hapati hata kioo. Kwa hiyo asiliguse. Asilizunguke. Asiulize hata habari za tairi. Alfani wa Lukuledi alinoa jembe la mjomba wake mgonjwa, alinoa tu! Mjomba akafa Ijumaa, watu wakasema kamwombea kifo apate jembe. Mpaka leo hakuna anayekula naye sahani moja.

Yeremia kaitikia: ndiyo, Mama. Mtu mzima, ana watoto watano, bado ananiitikia hivyo.

Jumanne, 26 Februari

Injini imeingia. Cuthbert kakata chuma, kagongea mbao, kafunga kwa minyororo. Imewaka! Kuku wamekimbilia kwa jirani, na hawajarudi mpaka sasa.

Lakini gari haliendi. Yaani linaenda, ila injini inapiga kelele kama mwanamke wa matanga na magurudumu yanajivuta. Bimdogo, jirani yetu mwenye maneno, alikuwa anapita na mtungi kichwani. Akalipita gari. Akageuka, akanisalimu, akauliza kama alitangulie huko Newala akatupikie.

Petro alicheka kule ndani, kisha kicheko kikawa kikohozi.

Cuthbert kanieleza. Nyuma, katikati ya magurudumu, mna tumbo la chuma, wanaliita difu. Ndani yake gurudumu dogo la meno linazungusha kubwa la meno. Difu la Petro ni la hatua fupi, lilitaka injini nyepesi, ya mbio. Hii mpya ni nzito, ina nguvu, lakini haizunguki haraka. Nikasema nimeelewa: jitu limevalishwa kanga ya mtoto, hatua haitoki. Akacheka, akasema Shangazi ungekuwa fundi.

Mwendo huu tutafika mlimani Pasaka, na injini itaungua kabla. Anatafuta difu jingine.

Ijumaa, 1 Machi

Amelipata, kwenye gari bovu huku huku Masasi, la kiwanda kile kile. Linaingia bila kukatwa.

Nimemsaidia kuhesabu meno. Yeye ana haraka, anapoteza hesabu. Mimi sina haraka. Kila jino korosho moja mkekani. La Petro: kubwa arobaini, dogo sita. Nikazigawa arobaini sita sita — mafungu sita, zikabaki nne. Jipya: kubwa thelathini na tisa, dogo kumi. Mafungu matatu tu, zikabaki tisa. Kila fungu ni mzunguko mmoja wa injini: inazunguka mara chache, gurudumu linaenda mbali. Nimefurahi kama mtoto.

Petro anatazama dirishani. Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu hii, na herufi hizi pia. Mimi sikuenda skuli. Yeye alikwenda misheni, mtoto mdogo, jioni anarudi ananiandikia kwa mkaa kwenye ubao wa mlango huku natwanga. Herufi yake ya A ilikuwa na miguu iliyopinda. Ya kwangu bado imepinda.

Jumapili, 3 Machi

Baada ya misa wakamweka Petro mbele, mito kila upande. Cuthbert akaenda naye mpaka sokoni na kurudi. Gari lilikimbia! Vumbi halikuwepo sababu ya mvua, lakini lingekuwepo lingetimka. Petro karudi macho yanang'aa, akaomba mhogo. Kala vipande viwili. Nimeandika ili nisisahau: viwili.

Yeremia alisimama mbali, mikono nyuma, kama nilivyomtaka. Baadaye aliingia kuniamkia. Korosho bado zilikuwa mkekani kwa mafungu yake, sikuziondoa. Akazitazama muda. Akauliza haya matatu ndiyo jipya? Nikasema ndiyo, na hayakuhusu. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaniuliza kama nina chumvi.

Jumatano, 6 Machi. Majivu

Padre alimpaka majivu hapo hapo kitandani. Usiku mzima jana alihema kwa kukaa. Kesho tunaondoka, mvua au jua.

Cuthbert alitaka kuliacha difu la zamani bandani, zito bure. Petro kakataa. Hana sauti, lakini alikataa mpaka likapakiwa chini ya godoro lake. Kaendesha mlima ule miaka kumi na minane, aache kitu chake? Nikasema lipakieni, nani atabishana na mgonjwa.

Nimefunga korosho zile arobaini kwenye pindo la kanga. Za kutafuna njiani.

Alhamisi, 7 Machi. Mlimani

Naandika nimekaa juu ya jiwe, daftari chini ya kanga. Manyunyu.

Tambarare tulikuja vizuri, Petro hata alisinzia kichwa chake kwenye paja la Yeremia, niliyemruhusu apande kumshika mjomba tu, chuma asikiguse. Mlima ulipoanza gari likaguna. Kona ya kwanza likapita. Ya pili likatetemeka, likafa. Likawashwa, likafa. Mara ya tatu likaanza kurudi nyuma na sisi ndani! Yeremia akaruka akasukumiza jiwe chini ya gurudumu. Pakanuka kitu kilichoungua.

Cuthbert kalaza uso kwenye usukani. Anasema hatua ni ndefu mno, Shangazi, haiwezi kupanda, nilipima kwa barabara ya sokoni.

Yeremia yuko kwenye matope, mikono imening'inia. Akasema polepole:

"Nilijua tangu Jumapili, Mama."

Nikauliza ulijua nini.

"Matatu hayapandi hapa. Napandisha lori mlima huu mwaka wa saba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema gari la mjomba halitafika. Wewe ungesema nini? Bimdogo angesema nini?"

Nina umri huu, na ulimi huu ambao watu wanaukimbia, hata mwanangu. Mtoto wangu alimeza neno la kumfikisha mjomba wake, na mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Ndani Petro akagonga bati. Nikaenda.

"Dada. Tumefika?"

Wengine wangemwambia ndiyo. "Hatujafika. Tumekwama nusu ya mlima."

"Difu?"

"Ndilo."

Akatabasamu upande mmoja. "Nilijua nimelalia kitu cha maana."

Nikatoka nikamwambia Yeremia aingie chini ya gari. Mimi niliyekukataza ndiye ninayekutuma. Asemaye aje aseme kwangu. Akanitazama, akavua shati, akaingia. Cuthbert akamfuata. Tulimwinua Petro kwanza, wakalitoa difu chini yake kama wanamtoa mtoto usingizini, kisha nikamlaza tena.

Sasa ni kama alasiri. Naona miguu minne tu inatoka chini ya gari, siwezi kujua ipi ya mwana na ipi ya mpwa, yote nyekundu kwa udongo. Yeremia anamwelekeza mwenzake. Nasikia wanabishana, kisha hawabishani. Wanasema la zamani limekaa, bado vyuma vya kufungia.

Nimehamia ndani, mlango wazi. Petro hasemi tena. Pumzi inakuja, inakaa, nasubiri, inakuja. Nimezifungua korosho. Kila pumzi korosho moja godoroni, sita sita, kama meno yale. Nikimaliza arobaini nazikusanya naanza tena. Nimekwisha kuanza mara nyingi.

Cuthbert anaomba spana. Yeremia anasema bado nati mbili, Mama, mwambie mjomba bado nati mbili.

Nimemwambia.

Mafungu sita. Zimebaki korosho nne, pumzi zimekuja tatu. Ya nne