Bei ya Ubaoni

Jumapili, 5 Septemba 1999

Bili ya simu imekuja. Baba aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Kisha akasema intaneti itakatwa mwisho wa mwezi huu.

Mama alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa. Akauliza si ulisema itatulipa? Baba akasema ndiyo, alisema. "Lakini kampuni ya intaneti ya Mwanza inataka ada kila mwezi, nipige nisipige. Na watu wa simu nao wanataka yao, maana kila nikiingia ni simu ya mbali. Nalipa mara mbili kuambiwa dhahabu imeshuka! Hilo hata kuku wa Kahama wanalijua."

Imeshuka kweli. Baba ananunua kwa wachimbaji na kuuza Mwanza, na miezi yote hii habari ni hiyo hiyo.

Mimi sitaki ikatwe. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Nimemwandikia mwalimu wa jiolojia wa chuo kikuu, Dar es Salaam, kwa imeili. Nimemwuliza kama wanapokea wasichana. Kila jioni Baba akimaliza kutazama bei, na mimi natazama kama kuna barua. Sekunde chache tu! Laini ikikatwa, jibu litanifikia wapi?

Jumatano, 8 Septemba

Jignesh amepita dukani kumbembeleza Baba. Ni mtoto wa Mzee Mansukhlal, mwenye duka la pale kona. Ndiye aliyetuuzia kompyuta na kutuunganisha na ile kampuni ya Mwanza. Amesema intaneti ni ng'ombe wa maziwa, humchinji kwa sababu leo katoa kikombe kimoja.

"Huyu wako ananikamua mimi," Baba akajibu. Tulicheka wote, Jignesh kutuzidi.

Kisha Baba akaacha kucheka. Akakumbusha ilivyoanza: mnunuzi wa Mwanza alimficha bei mwaka mzima. Kila akipiga anaambiwa soko limelala, kumbe liko macho. "Nilikuwa kipofu anayesomewa barua yake na mwizi."

"Basi usiyauze macho, Baba Anisia," Jignesh akasema, akaondoka na soda yetu bila kulipa.

Jumamosi, 11 Septemba

Bei imeshuka tena kidogo. Nimeosha ubao.

Ubao ni kazi yangu tangu darasa la saba. Bei ya gramu huandikwa kwa chaki nje ya duka, kwa mwandiko wangu. Ikibadilika, ubao wote unaoshwa kwa maji kwanza. Isipobadilika, hauguswi. Wachimbaji wasiojua kusoma hawahangaiki na tarakimu. Wanatazama kama ubao umeloa, kisha wananiuliza mimi: juu au chini?

Baba Limi alifika kabla haujakauka. Limi ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja kidato cha tatu. Akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama kama kawaida yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeoshwa! Juu?"

"Chini, baba."

Akacheka, akagonga mfuko wa shati. "Basi hiki kilale tena." Mle mna kichupa cha dawa ya sindano, na ndani ya kichupa dhahabu yake ya tangu Julai. Anataka kununua pampu kabla ya mvua. Mvua ikikuta shimo lake halina pampu, maji yatajaa na kingo zitaanguka. Ameshachimba miaka miwili pale.

Aliponiaga akasema: "Mimi sina kompyuta. Nina wewe. Ikipanda, nikute maji."

Nikasema ndiyo, baba.

Alhamisi, 16 Septemba

Laini imekatika, imekatika tena. Modemu inalia kama mbuzi kanaswa kwenye bati, halafu kimya. Baba anatazama saa yake ya mkononi. Anasema hata kukata roho hakuna gharama hii. Bei hatukupata. Jibu hakuna.

Jumanne, 21 Septemba

Amejibu!

"Wasichana wapo, ingawa wachache. Soma fizikia na kemia kwa bidii, kisha uniandikie matokeo yako."

Nimeinakili kwa mkono, hatuna printa. Uniandikie! Ameniona mtu wa kuandikiwa na kuandika. Lakini kwa laini ipi, mwezi huu ukiisha?

Leo kwenye sala nimeomba dhahabu ipande. Ipande kidogo tu, Baba aone faida. Sijui kama inaruhusiwa kuomba hivyo.

Jumanne, 28 Septemba

Imepanda. Si kidogo!

Jana tulidhani kompyuta imekosea. Leo imepanda zaidi. Baba akataka nisome habari yote ya Kiingereza, kisha nikamweleza kwa Kiswahili: benki kuu za Ulaya zimekubaliana zisiuze dhahabu yao ovyo ovyo. Akanishika mabega. Hapo hapo akampigia yule mnunuzi wa Mwanza na kumtajia bei yeye kwanza. Akakubali! Mama akapiga kigelegele kimoja jikoni.

Nikachukua ndoo na kitambaa, nikaelekea nje. Baba akaniita.

"Wacha ubao."

"Bei si imebadilika, Baba?"

"Imebadilika huku ndani."

Jumatano, 29 Septemba

Ubao mkavu. Wachimbaji wamekuja, wameutazama, wameuza. Mmoja aliuliza kama kuna habari yoyote. Baba akamwambia soko limelala.

Maneno yale yale! Sijui kama aliyasikia yakitoka.

Kwenye ugali Mama alimwambia: "Baba Anisia, si hapa hapa ulikaa ukilalamika kwamba Mwanza wanakuficha?" Baba akasema duka si kanisa. Kisha akaeleza taratibu, kama mwalimu. Akiandika bei mpya leo, intaneti imemlipa nini? Kila mtu ataisoma bure kwenye ubao wake, bili alipe yeye. Ni siku chache tu, mpaka redio iseme na machimbo yote yajue. "Hizo siku ndizo ninazozinunua."

Nimeitafuta kasoro katika hesabu hiyo. Haina. Ndiyo maana naogopa.

Akanigeukia. Intaneti haikatwi tena. Wiki hii ikienda vizuri atalipia mwaka mzima, na mimi kila Jumamosi nitakuwa na saa nzima ya kompyuta, yangu peke yangu.

Nilisema asante, Baba. Nilisema!

Alhamisi, 30 Septemba

Limi kaniambia shuleni baba yake hangoji tena. Mwenye pampu anaipeleka Geita kuiuza Jumamosi. Kwa bei ya ubaoni baba yake atapata pampu bila mpira wa kuvutia maji. Mpira atautafuta baadaye, Mungu akipenda.

"Pampu bila mpira!" Limi akacheka. "Sawa na ng'ombe asiye na mdomo. Lakini atafanyaje? Anasema ingepanda ungeshamwambia."

Alikuwa anakula muhogo wangu. Nikafungua kitabu cha kemia. Sikuona hata neno moja.

Ijumaa, 1 Oktoba

Naandika uani, karibu na bomba. Sikwenda shule. Baba yuko kwa Jignesh kupatana ada ya mwaka. Atailipa Jumatatu, wiki ikifungwa vizuri. Duka kaniachia mimi. Alipotoka aliutazama ubao, akanitazama.

Baba Limi kakaa ngazini. Kichupa leo kiko mkononi, si mfukoni. Aliugusa ubao kwa kidole.

"Mkavu."

"Ndiyo, baba."

"Basi. Nitamngoja baba yako." Akafuta chaki kwenye suruali. "Limi anasema utasomea mawe. Ukishajua, mayu, uje utuambie dhahabu ilipo. Usituache tunapapasa."

Nikasema nakwenda kuchota maji.

Maji ni uzi mwembamba leo. Ndoo haijafika nusu. Nikiosha, Baba atakata laini, na yule mwalimu hatayaona matokeo yangu. Na Baba ni Baba. Kanunua kompyuta, ananisomesha, sare yangu kalipia yeye. Nisipoosha —

Siimalizi sentensi hiyo.

Ningeweza kurudi na kikombe, nikampa Baba Limi anywe. Atashukuru. Atadhani ndiyo maji niliyofuata.

Lakini mbona nimekuja na kitambaa?

Pikipiki. Iko kona ya kwa Mansukhlal. Ni ya Baba, naijua inavyokohoa.

Ndoo imejaa.