Saa Saba na Nusu Mchana: Kwa Baba Yetu, Aipili Nuvuyak

Leo mwaka umetimia, Baba, tangu ufariki kusini, katika hospitali ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Tunaandika kwenye meza yako ya jikoni. Mama amekaa karibu na dirisha, anashona viatu ambavyo hajasema ni vya nani. Tukiandika jambo asilolipenda anagonga meza kwa kidole.

Kwa miaka saba ulikuwa mbunge wa Nuvukjuaq, mji wetu huku kaskazini kwenye barafu, na kwa miaka hiyo yote simu ya nyumba hii haikupoa. Gari la maji lisipopita, watu hawakumpigia dereva, walikupigia wewe. "Mheshimiwa, tangi langu kavu tangu juzi. Niogee theluji?" Nawe ulivaa buti, ukawasha pikipiki ya theluji, ukaenda kumgongea dereva mlango. Ulikuwa na kizibao kimoja tu cha ngozi ya sili, mnyama wa baharini tunayemwinda, cha kuvaa Bungeni, nacho kilikuwa kinanyonyoka. Mama alizoea kukuambia, "Wenzako wanaacha hotuba, wewe unaacha manyoya kwenye kiti." Ulimjibu kwamba manyoya yako yalikuwa na faida zaidi.

Bunge liko mbali na sisi, safari ya ndege mbili, na ulikaa huko wiki kwa wiki. Lakini vikao hufunguliwa saa saba na nusu mchana, na mji wetu wote husikiliza redioni. Kila mbunge husalimia watu wake kabla ya kusema lililomleta. Salamu yako tuliijua kwa moyo: "Bwana Spika, nawasalimu watu wa Nuvukjuaq. Reepa, bandika birika."

Spika alikukanya. "Mheshimiwa, hapa si jikoni kwako."

"Naomba radhi, Bwana Spika. Reepa, Spika naye anakusalimia."

Mama alikuwa ameshabandika. Alimimina kikombe chake hapa, wewe ukamimina chako kutoka kwenye chupa ya chai huko, chini ya meza, maana ilikuwa marufuku. Ndivyo mlivyokunywa chai pamoja miaka saba.

Mengi uliyauliza Bungeni, ukungu kwenye kuta za nyumba za serikali, shule isiyo na walimu, lakini swali moja uliliuliza mara kumi na moja: ni lini mzee anayepelekwa hospitali kusini ataruhusiwa kwenda na mtu wake? Kanuni ilisema anayeelewa Kiingereza aende peke yake. Waziri alijibu mara zote kumi na moja kwamba jambo hilo linafanyiwa kazi. Binamu yako Joanasie, uliyemshinda kwa kura tisa tu, alikuchokoza dukani mbele za watu: "Binamu, swali lako limeshaota mvi."

"Liache lizeeke," ukamwambia. "Nalo litahitaji msindikizaji."

Kisha kifua kikakubana. Mama alikupeleka kituo cha afya asubuhi, upepo umeanza kuvuma, na ndege ya wagonjwa ikaitwa upesi kabla tufani haijafunga uwanja. Muuguzi alikuwa mgeni, ana siku nne mjini. Wewe ulikuwa na barakoa ya hewa usoni, kwa hiyo alimgeukia Mama na fomu yake. "Mgonjwa anaelewa Kiingereza?"

Mama akanyoosha shingo. "Mume wangu ni mbunge. Anakijua kukushinda wewe."

Muuguzi akatabasamu, akatia alama kwenye fomu. Walipokupandisha, kulikuwa na kiti kitupu pembeni ya machela yako. Mama alikiona kwa macho yake. Aliweka mguu kwenye ngazi, wakamwambia kwa upole kwamba hayumo kwenye karatasi.

Tufani ilivuma wiki nzima. Ndege ya abiria ilipopata njia, wewe ulikuwa umefariki siku mbili nyuma.

Hayo ya fomu sisi hatukuyajua. Tulidhani ni wewe uliyekataa kusindikizwa, kwa ule ukaidi wako wa kutotaka kupata ambacho watu wako hawapati. Tulikukasirikia, Baba. Tulikusema vibaya hapa hapa mezani, na Mama akanyamaza. Kwa hilo tunakuomba radhi.

Mkoba wako ulirudi na kizibao, miwani, na karatasi moja iliyoingia humo kwa bahati, karatasi ambayo wauguzi huandikiana wakipokezana zamu. Mama alijua kuongea Kiingereza kidogo, kusoma hajui. Aliitia kwenye kopo la majani ya chai, akaiacha humo miezi minane. Siku moja ya Novemba alimwekea binti yako Miali karatasi ile mbele yake. "Nisomee. Usiruke kitu."

Miali akasoma: "Mgonjwa ameacha kuongea Kiingereza tangu Jumanne. Anaongea lugha yake tu. Kila siku saa saba na nusu mchana anaomba kitu. Hatujui ni nini. Tumempa maji, tumempa blanketi. Anatikisa kichwa."

Mama aliichukua karatasi, akaikunja. Halafu akasema, "Alikuwa anaomba chai. Alikuwa ananiomba mimi nibandike birika." Ndipo akatueleza habari ya fomu, tangu mwanzo hadi ile ngazi ya ndege. "Nilijisifia mume," akasema, "na nikampeleka peke yake."

Tulimwambia si kosa lake. Hakutaka kusikia, na mpaka leo hataki.

Joanasie ndiye aliyechaguliwa kukaa kwenye kiti chako. Alipokuja kutusalimia kabla ya kikao cha Februari, Mama alimpa karatasi ile hata kabla hajavua koti.

"Kaisome Bungeni."

Joanasie aliisoma, akajifuta macho kwa glavu. "Shemeji, nikiisoma hii watu watauliza nani aliwaambia anajua Kiingereza."

"Waambie ni mimi."

"Mji mzima utasikia."

"Ndiyo kazi ya redio. Na usipindishe maneno. Sema nilisema anakijua kumshinda yule muuguzi."

Akaisema yote. Ilikuwa mara ya kumi na mbili swali lako kuulizwa, na mara ya kwanza waziri asiseme kwamba linafanyiwa kazi. Tulisikia redioni mtu akipenga kamasi, halafu karatasi zikipekuliwa, halafu waziri akaahidi jibu la maandishi. Mama alikuwa amesimama hapa jikoni, mikono kwenye aproni, akiingojea simu ilie na watu waanze kumsema. Ililia. Alikuwa Bibi Ulaajuk, ambaye hasikii vizuri, akipiga kelele: "Reepa! Na mimi ningejisifu! Mume wangu angekuwa na akili kama wako ningejisifu kila siku!" Jioni ile watu walituletea ngozi ya nyangumi ya kula na mkate wa kukaanga hadi tukakosa pa kuweka.

Jibu la waziri lilikuja mwezi uliopita. Mzee wa miaka sabini na kuendelea sasa ataondoka na mtu wake, hata awe anajua Kiingereza cha namna gani.

Wewe ulikuwa na miaka sitini na minane.

Mama alipoambiwa alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu uondoke. "Hata leo wangemwacha aende peke yake, mjinga wangu yule!" Kisha kicheko kikageuka, tukamshika. Joanasie amesema ataliuliza mara ya kumi na tatu.

Wiki iliyopita Bibi Ulaajuk alipelekwa kusini kwa ajili ya moyo wake. Mama alikwenda uwanjani, ingawa hakuna aliyemwomba, akasimama kwenye baridi mpaka akamwona binti wa Ulaajuk akikaa kwenye kile kiti cha pembeni. Alirudi nyumbani kwa miguu, na hakutaka apewe lifti.

Watu ni wema kwake, Baba, lakini nyumba ni kubwa mno. Kitandani analala upande wake tu. Redio anaifungua vikao vikiwepo na visipokuwepo, na saa saba na nusu anaweka vikombe viwili, kisha anakinywa na cha kwako, kimepoa, ili kisimwagwe.

Wanaokukumbuka ni mkeo Reepa, binti zako Miali na Saila, mwanao Jaku, wajukuu zako sita, binamu yako Joanasie aliyekataa kukaa kwenye kiti chako mpaka kilipofutwa manyoya, na watu wote wa Nuvukjuaq wenye maji tangini leo.

Tutakukumbuka siku zote tutakazopewa. Mama amegonga meza, anataka neno la mwisho liwe lake. Anasema tukuandikie kwamba amekusikia, na maji yamechemka.