Mini ya Kijani ya Baba

Ijumaa, 7 Novemba 2025
Firas kaja Ibra leo! Tunafanya kazi pamoja Nizwa, na tulikubaliana aje amwambie Baba habari yetu ya kutaka kuoana. Kumbe! Kaiona ile Mini ya kijani uani, basi miye nikasahaulika. Kichwa chini ya boneti mpaka kahawa ikapoa. Halafu kamwambia Baba gari hiyo si ya Kiingereza. Ni Innocenti, imeundwa Milano, alikokulia Firas. Baba, anayejisifia gari ya Kiingereza miaka yote! Mama kakimbilia jikoni kucheka.

Baba kabisha. Firas kamwonyesha vidirisha vya pembe tatu milangoni na vipimo vitano vya mishale mbele ya dereva. Kiwanda, anasema, kilianza na mabomba ya chuma, zikaja skuta, ndipo Waingereza wakakiruhusu kuunda Mini. Na hii Cooper ndiyo ya mbio. Baba kapoa. Kasema, "Ikikupendeza, ni yako."

Ni adabu tu! Mgeni akisifu kitu, unampa kwa mdomo. Naye anakuombea baraka, yamekwisha. Firas kambusu Baba bega, kauliza aje kuichukua lini.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimetaka kumpigia Firas nimweleze. Mama kaninyang'anya simu. Anasema Baba atatoa gari kumi kabla ya kurudisha neno lake. Baba mwenyewe hakugusa mandazi.

Jumatano, 12 Novemba
Baba anaiosha Mini kila alasiri. Kasoma habari zote za Innocenti, sasa anawahadithia wanaotoka msikitini kwamba za Milano ndizo Mini, za Kiingereza si kitu! Nimecheka. Kisha nikalia kidogo. Namtaka Firas, lakini si kwa kumnyang'anya Baba roho yake.

Ijumaa, 14 Novemba
Wamekuja—Firas na mama yake, Bi Khamisa, kutoka Sur. Baba kaweka ufunguo kwenye sinia ya kahawa. Bi Khamisa kauliza wa nini. Alipoambiwa, kamfinya mwanawe na kumnong'oneza. Firas kaona haya mpaka masikio. Kaurudisha ufunguo. Baba kausukuma kwake. Kaurudisha. Kausukuma tena! Miye nyuma ya pazia, sahani ya halua mkononi.

"Umeisifu gari, nimekupa," Baba kasema taratibu. "Na humu nyumbani, mwanangu, hujaona mwengine wa kumsifu?"

Bi Khamisa kakohoa. Firas kaweka kikombe chini, kasema, "Nimemwona. Ndiye niliyemjia."