Kwa Yeyo, Mtetezi wa Vyura wa Kienyeji

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Tangu tukuzike, kila nikipita kando ya kidimbwi cha bustani yako hapa Kitengela, nacheka peke yangu.

Unawakumbuka wale vyura weupe? Jirani yetu Mama Njeri alikuletea kwa ndoo, kutoka kwa muuza samaki wa mapambo mjini. Ulifurahi kama msichana. Kwa desturi yetu Wamaasai, aliyekupa mnyama huitana nawe kwa jina la mnyama huyo, na zawadi ya rafiki hairudishwi. Tulikutania: sasa mtaitana Chura?

Siku moja ukaweka kigoda kando ya maji, ukakaa asubuhi nzima. Ukamwona mweupe mmoja akiwakamata viluwiluwi, watoto wa vyura wetu, akiwasukuma mdomoni kwa mikono miwili. Nilisema si ni vyura tu. Ukanikazia macho.

“Kuku wa kienyeji mnasifu, chura wa kienyeji akiliwa mnasema ni chura tu? Mvua ikikuja hii maji itamwagika mpaka kwa silanga, bwawa la kunyweshea ng'ombe. Huko nako wamalize wote?”

Nilidhani utaogopa kumuudhi rafiki. Kumbe! Ulichagua kondoo mnono kuliko wote, ukamkokota hadi kwa Mama Njeri, wala hukuzunguka mbuyu.

“Hawa vyura wako wanamaliza wetu. Nawarudisha kwa mwenye duka. Lakini urafiki sirudishi. Shika huyu kondoo, tuitane Paker, jina la kondoo.”

Mama Njeri akacheka mpaka akashikilia geti. “Haya, Paker. Leta ndoo nikusaidie.”

Mkakikausha kidimbwi nyinyi wawili, gauni zimekunjwa magotini, matope hadi kwenye vilemba. Wasema ukweli nimewaona wengi, Yeyo. Wa kuusema na kubaki na rafiki yake, ni wewe tu. Nilijivunia kuwa mwanao.

Uliwangoja vyura wetu warudi. Mvua ikakawia, nawe ukatangulia.

Juzi ilinyesha, kidimbwi kikajaa. Jioni akaanza mmoja, akajibiwa, mara bustani nzima ikawa kelele. Nilikimbia kukuita. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha chumba chako ndipo nikakumbuka.

Nikaingia hivyo hivyo, nikafungua dirisha, nikawaacha wakuimbie.

Pumzika, mama yangu.

Ni mimi, kitinda mimba wako